Mwalimu Comenius, Mkimbizi Aliyebadili Darasa



Wenzetu waliotoka Rungwe na Tabora wanalijua vizuri Kanisa la Moravian, na wengine walibatizwa humo. Lakini nadhani ni wachache waliopata kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Moravia ni jimbo la nchi ya Ucheki, katikati ya bara la Ulaya, mbali na bahari yoyote. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa na kanisa lililofufuliwa na wakimbizi wa jimbo hilo. Na askofu wa mwisho wa kanisa lile la kale, kabla halijazimika na kufufuliwa, alikuwa mwalimu wa shule. Huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza maisha yake. Uaskofu wake nawaachia wanaoujua. Mimi nimevutwa na ualimu wake, kwa kuwa mengi tunayoyaita mbinu mpya za kufundishia, yale ambayo walimu huitiwa semina wakati wa likizo ili wakayasikie, yeye aliyaandika yapata miaka mia nne iliyopita, tena akiwa hana nchi.

Jina lake ni Jan Amos Komenský. Wasomi wa zama zake, waliopenda kuyageuza majina yao kuwa ya Kilatini, walimwita Comenius, na ndivyo anavyojulikana duniani. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592. Vijiji viwili na mji mmoja mdogo huko Moravia vinagombania heshima ya kuwa mahali alipozaliwa, na ugomvi huo haujesha. Wazazi wake walikuwa waumini wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililoanzishwa mwaka 1457, lenye watu wa hali ya kawaida waliothamini sana kusoma na waliokuwa na Biblia katika lugha yao ya Kicheki. Kabla hajabalehe baba yake alifariki, kisha mama yake, kisha dada zake wawili. Akachukuliwa na shangazi yake mjini Strážnice, na mwaka 1605 mji huo nao ukateketezwa vitani.

Basi alipopelekwa shule ya Kilatini huko Přerov mwaka 1608 alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Enzi hizo Kilatini kilikuwa ndiyo lugha ya elimu yote ya juu Ulaya: ukitaka uganga, sheria, dini au hesabu, ni kwa Kilatini. Na kilifundishwa kwa namna ya ajabu. Kanuni za sarufi ziliandikwa kwa Kilatini chenyewe, mwanafunzi akazikariri bila kuzielewa, na aliyekosea akachapwa. Miaka ikapita hivyo, kumi au zaidi, na wengi wakatoka na maneno matupu kichwani. Comenius aliandika baadaye kwamba yeye mwenyewe ni mmoja kati ya maelfu waliopotezewa majira ya kuchipua ya ujana wao kwa namna hiyo. Lakini mimi naona kuchelewa kwake kulikuwa na faida. Mtoto wa miaka saba akichapwa kwa kutojua kanuni husahau. Kijana wa miaka kumi na sita hukumbuka, na hujiuliza kosa ni la nani.

Alipomaliza alipelekwa Ujerumani, kwanza Herborn mwaka 1611, kisha Heidelberg. Huko Herborn alianza kazi moja inayonigusa sana: alianza kukusanya maneno ya Kicheki, lugha ya mama yake, ili aitungie kamusi kubwa pamoja na Kilatini. Kumbukeni kazi hiyo, maana tutairudia. Huko Heidelberg alinunua muswada wa mkono wa mwanazuoni Copernicus, ule unaoeleza kwamba dunia hulizunguka jua, kisha akarudi kwao mwaka 1614 kwa miguu, mwendo wa wiki kadhaa. La kuchekesha ni kwamba mawazo yenyewe ya Copernicus hakuyakubali. Lakini muswada aliutunza, na leo umo katika maktaba ya chuo kikuu cha Kraków, Poland.

Akawa mwalimu, akapewa daraja la uchungaji mwaka 1616, na mwaka 1618 akapelekwa mji wa Fulnek kuongoza kanisa na shule. Akaoa. Mwaka huo huo vikaanza vita vilivyopigana Ulaya miaka thelathini. Tarehe 8 Novemba 1620 majeshi ya Waprotestanti wa Ucheki yalishindwa karibu na Praha, na tangu siku hiyo watu wa dini yake wakawa watu wa kuwindwa. Fulnek ilitekwa nyara mwaka 1621, naye akakimbia kujificha katika mashamba ya waungwana waliomhurumia. Mwaka 1622 tauni ilimwua mkewe Magdalena pamoja na watoto wao wawili wadogo, yeye hakuwapo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini.

Miaka sita aliishi mafichoni. Mwaka 1627, katika maktaba ya jumba moja la kifahari, alikuta kitabu cha Mjerumani mmoja kuhusu ufundishaji. Akakisoma, na ikamjia fikira kwamba siku Mungu atakapowarudisha watu wake nyumbani, jambo la kwanza litakuwa kujenga shule upya, na hapana budi mpango uwe tayari. Akaanza kuandika kwa Kicheki, ili mwalimu wa kijijini asiyejua Kilatini aweze kusoma. Hiki ndicho kitabu kilichokuja kuitwa Didaktiki Kuu. Mapema mwaka 1628 akavuka mpaka kuingia Poland pamoja na wenziwe, akakaa Leszno. Nchi yake hakuiona tena.

Naomba nikae kidogo juu ya kitabu hicho, maana ndipo ulipo uzito wa mambo.

Kwanza alisema wote wafundishwe: watoto wa matajiri na wa maskini, wa mjini na wa shamba, wavulana kwa wasichana. Leo hatushangai, ingawa sisi wenyewe tumechukua muda mrefu kulitimiza. Kisha akagawa umri wa kusoma katika vipindi vinne vya miaka sita sita. Sita ya kwanza ni pajani pa mama, nyumbani. Sita ya pili ni shule ya lugha ya mama, nayo iwe katika kila kijiji. Sita ya tatu ni shule ya Kilatini, katika kila mji. Ya mwisho ni chuo kikuu, kimoja kila jimbo. Mkiutazama mgawanyo huo mtaona kwamba tumeurithi karibu ulivyo: awali, msingi, sekondari, chuo kikuu.

Pili alisema kitu kitangulie neno. Mtoto asifundishwe neno la kitu asichokiona, asichokigusa wala kukionja. Na kama kitu chenyewe hakipatikani, basi mfano wake au picha yake. Walimu wetu wa sayansi watanielewa. Mwanafunzi anayechora jaribio la kutengeneza oksijeni bila kuliona hata mara moja, akakariri majina ya vyombo vyote na mwisho akapata alama nzuri, ndiye huyo huyo mwanafunzi wa Kilatini wa mwaka 1608.

Tatu, viboko. Comenius hakuwa mlegevu. Kwa utovu wa adabu aliruhusu adhabu kali. Lakini kwa kutoelewa somo alikataa kabisa. Alitoa mfano wa mpiga muziki ambaye chombo chake kikitoa sauti mbaya hakipigi ngumi, bali hukaza nyuzi. Kosa la mwanafunzi kutopenda kusoma alilitupa kwa mwalimu. Alitaka masomo ya darasani yawe saa nne tu kwa siku, mbili asubuhi na mbili alasiri, na muda uliobaki uwe wa kazi za nyumbani na kucheza.

Jambo moja nadhani alilizidisha. Alidai mwalimu mmoja anaweza kufundisha wanafunzi mia kwa pamoja, na tena ni vizuri, iwapo atawagawa makundi ya kumi kumi, kila kundi na monita wake, na kuuliza swali huku na huku bila kutangaza zamu ili wote wakae macho. Mwalimu wa leo mwenye darasa la mia anajua kwamba madaftari ya mia hayasahihishwi na monita. Hata hivyo hiyo kazi ya makundi na hilo swali la ghafula viko katika kila mwongozo wa mwalimu hadi leo.

Nne ni lugha, na hapa patawahusu vijana zaidi. Comenius hakuichukia lugha ya kigeni. Maisha yake yote aliishi kwa Kilatini, aliandika kwa Kilatini, na sifa zake zote alizipata kwa kukifundisha. Alichokataa ni kumfundisha mtoto jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua, yaani kumbebesha mizigo miwili kwa wakati mmoja halafu kumlaumu kwa kuanguka. Kwa hiyo alitaka mtoto amalize miaka yake ya mwanzo akijifunza kila kitu kwa lugha aliyonyonya: hesabu, nyimbo, habari za nchi yake, kazi za mikono, serikali inavyokwenda. Lugha za majirani ziingie kati ya miaka kumi na kumi na miwili. Ndipo Kilatini kije, tena kije kikiwa kimeshikwa mkono na lugha ya nyumbani, ukurasa mmoja, safu mbili, hii ikieleza ile.

Kila mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali na kuingia kidato cha kwanza anajua ninachokisema. Mwaka jana alisoma kwa Kiswahili, mwaka huu biolojia, jiografia na historia zote zimegeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaruhusu tena Kiswahili katika ngazi zote, na madarasa ya sekondari yakaendelea kwa Kiingereza. Mimi ni mtumishi wa umma, na najua kwamba sera ina mengi nyuma yake: vitabu, walimu, mitihani, na hofu ya wazazi kwamba mtoto wao atakosa kazi. Hofu hiyo si ya kijinga. Hata wazazi wa Leszno walitaka watoto wao wapate Kilatini upesi. Lakini ile safu ya pili, ile ya lugha ya nyumbani kando ya lugha ya kigeni, haihitaji sera. Mwalimu yeyote anaweza kuichora ubaoni kesho asubuhi, na sioni kwa nini ionekane kuwa ni dhambi.

Tuendelee na maisha yake. Alikuwa ameoa tena mwaka 1624, kabla ya kuhama. Huko Leszno alifundisha katika shule ya wakimbizi, na mwaka 1631 akatoa kitabu cha Kilatini kilichoitwa Mlango wa Lugha Uliofunguliwa. Humo maneno kama elfu nane yamepangwa katika sentensi elfu moja, na sentensi hizo zinazungumzia dunia nzima kwa taratibu: moto, maji, mimea, wanyama, mwili, kazi, nyumba, mji. Mwanafunzi anayejifunza lugha anajifunza na mambo. Kitabu kilienea kama moto wa nyikani, kikafasiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na hata Kituruki, Kiajemi na Kiarabu. Alipoambiwa kwamba wanaoanza wanakiona kigumu, akaandika kingine cha kutangulia, chenye maneno karibu elfu moja tu. Hivyo ndivyo alivyokuwa; alisikiliza malalamiko ya walimu.

Mwaka 1641 alialikwa London na marafiki waliotarajia Bunge la Uingereza lingempa chuo cha kukusanya elimu yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1642, na mpango ukafa. Akaenda Sweden, ambako waziri mkuu Oxenstierna alimtaka aandike vitabu vya shule. Aliikubali kazi hiyo kwa matumaini ya siri: Sweden ilikuwa inapigana na mfalme aliyewafukuza, na huenda ingewarudisha nyumbani. Miaka sita akaandika vitabu vya sarufi na msamiati ambavyo moyo wake haukuvipenda. Mwaka 1648 amani ikatiwa sahihi, na Wacheki waliokuwa uhamishoni wakaachwa nje ya mapatano. Mwaka huo huo mkewe wa pili alifariki, na yeye akawa askofu kiongozi wa watu waliotawanyika.

Mwaka 1650 akaitwa Sárospatak, Hungaria, ajenge shule ya madaraja saba kwa mpango wake mwenyewe. Madaraja matatu tu yalifunguliwa. Walimu wa pale hawakutaka kusumbuliwa. Walizoea kusoma maelezo na wanafunzi kuandika. Badala ya kugombana nao sana, akageuza masomo kuwa michezo ya kuigiza, wanafunzi wakipanda jukwaani mbele ya wazazi wao na kuigiza yale waliyojifunza darasani. Wazee walioona ni upuuzi walinyamaza walipoona watoto wanakumbuka.

Na ni huko alikokitunga kile kitabu kilichomfanya ajulikane na watoto wa Ulaya kwa zaidi ya karne moja: Dunia kwa Picha. Kilichapishwa Nürnberg mwaka 1658, kwa Kilatini na Kijerumani. Kina sura mia moja na hamsini, na kila sura ina mchoro uliochongwa kwenye ubao wa mti. Mchoro wa fundi seremala unaonyesha karakana yake, na kila chombo kina namba: shoka namba fulani, msumeno namba fulani. Chini yake maelezo yako katika safu mbili, na kila neno limewekewa namba ile ile ya kwenye picha. Mtoto anatazama, ananyosha kidole, anasoma. Wamo mwoka mikate, mvuvi, mhunzi, mfinyanzi, kinyozi, mchapaji vitabu. Imo shule yenyewe na mwalimu wake. Yamo hata mateso ya wahalifu, maana hakutaka kuwaficha watoto dunia ilivyo. Mwanzoni kabisa iko alfabeti ya sauti za wanyama, ikianza na kunguru. Mwaka mmoja baadaye kikatoka kwa Kiingereza. Mshairi Goethe, aliyezaliwa mwaka 1749, alikumbuka kukisoma utotoni. Kila kitabu cha darasa la kwanza chenye picha na jina la kitu chini yake ni mjukuu wa kitabu hiki.

Lakini kabla hakijatoka, msiba mwingine ulikuwa umempata. Alikuwa amerudi Leszno mwaka 1654. Mwaka uliofuata mfalme wa Sweden aliivamia Poland, na Comenius, kwa tumaini lile lile la zamani, akamwandikia mfalme huyo maneno ya sifa. Hapo siwezi kumtetea. Alikuwa mgeni aliyepewa hifadhi na Wapoland. Mwishoni mwa Aprili 1656 majeshi ya Poland yaliichoma Leszno. Nyumba yake iliungua pamoja na maktaba yote. Baadhi ya maandishi aliyokuwa ameyafukia yaliokolewa. Kamusi ya Kicheki aliyoianza Herborn akiwa mwanafunzi, kazi ya zaidi ya miaka arobaini, iliteketea. Aliililia hasara hiyo hadi kufa kwake.

Familia ya de Geer, wafanyabiashara waliokuwa wamemsaidia tangu siku za Sweden, ilimkaribisha Amsterdam. Mwaka 1657 mji huo ulimsaidia kuchapisha maandishi yake yote ya elimu katika buku moja kubwa, na ndipo Didaktiki Kuu ilipotoka kwa mara ya kwanza, kwa Kilatini. Katika uzee wake aliamini mno utabiri wa mtu mmoja aliyesema adui zao wataanguka karibuni, akauchapisha, na wasomi wakamcheka. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden, Uholanzi. Mwaka 1735 mjukuu wake, Askofu Jablonski, alimwekea mikono askofu wa kwanza wa lile kanisa lililofufuka Ujerumani, na kutoka hapo ndiyo njia iliyofika Rungwe. Huko Ucheki na Slovakia tarehe 28 Machi, siku aliyozaliwa, ni Siku ya Walimu.

Ile Didaktiki ya Kicheki, aliyowaandikia walimu wa vijijini, haikuchapishwa maishani mwake. Wacheki walisahau kwamba ipo. Muswada wake ulipatikana Leszno mwaka 1841 ukiwa miongoni mwa makaratasi ya zamani, ukapigwa chapa mwaka 1849, miaka zaidi ya mia mbili tangu alipouandika. Maandishi yake mengine makubwa, ya kutengeneza upya mambo ya wanadamu wote, yalikutwa Halle, Ujerumani, katika miaka ya 1930, na kuchapishwa kamili Praha mwaka 1966. Kamusi haikupatikana tena.